Figo Huchuja kwa Shinikizo, Si kwa Kuchagua

Kila siku figo za mtu mzima mwenye afya humwaga nje ya damu chumvi inayozidi kilo moja na sukari ipatayo gramu 180. Halafu huvirudisha: sukari yote, chumvi karibu yote. Zinazobaki kwenye mkojo ni gramu chache tu za chumvi. Aliyezoea kusikia kwamba "figo huchuja uchafu" ana haki ya kuuliza: ikiwa kazi ni kutoa uchafu, sukari nayo inatolewa kwa nini?

Ni kwa sababu chujio lenyewe halijui uchafu ni upi. Hupitisha kila kilicho kidogo na kuzuia kilicho kikubwa, basi. Kazi ya kuchagua hufanyika baadaye, ndani ya mirija mirefu inayopokea kilichochujwa na kurudisha kwenye damu kile mwili unachokihitaji. Utaratibu huu unaonekana kama wa hasara, lakini una faida kubwa: mwili haulazimiki kuitambua kila sumu ili iondoke. Dawa iliyobuniwa maabara juzi, ambayo mwili wa binadamu haujawahi kukutana nayo, itatoka kwenye mkojo mradi ni ndogo, inayeyuka kwenye maji na haijang'ang'ania protini za damu. Hakuna wa kuirudisha.

Ukishalishika hilo, matatizo ya figo yanagawanyika mafungu mawili. Kuna figo inayochuja kidogo mno, na kuna figo inayovujisha kile ambacho haikupaswa kupitisha. Ni hitilafu mbili tofauti, kila moja ina kipimo chake, na mtu anaweza kuwa na moja bila kuwa na nyingine. Wengi hupima ya kwanza tu, wakaambiwa "figo ziko sawa", wakaenda zao.

Fundo la kapilari lenye koki mbili

Kila figo ina nefroni, yaani vitengo vidogo vya kuchujia, zipatazo milioni moja, ingawa idadi hutofautiana sana. Wapo wanaozaliwa na laki chache tu. Nefroni huanza na glomerula, fundo la kapilari (mishipa myembamba kabisa ya damu) lenye upana wa takriban moja ya tano ya milimita. Fundo hilo limezama ndani ya kifuko cha Bowman, mithili ya ngumi iliyosukumiwa kwenye mto laini ukaizunguka. Kinachopenya kuta za kapilari hukusanyika kwenye kifuko, kisha huingia kwenye mrija.

Kwingine mwilini damu huingia kwenye kapilari kupitia ateri ndogo na kutoka kupitia vena ndogo. Kwenye glomerula huingia kwa ateri ndogo na kutoka kwa ateri ndogo nyingine. Tofauti hiyo inabeba nusu ya habari yote ya figo, kwa sababu ateri ina misuli na inaweza kujibana au kujilegeza. Hivyo glomerula ina koki pande zote mbili: moja ya kuingizia damu, nyingine ya kutolea.

Damu inayopita hapo ni nyingi kupita kiasi ukilinganisha na uzito wa kiungo. Figo mbili kwa pamoja zina gramu 300 hivi, lakini hupokea zaidi ya lita moja ya damu kila dakika, karibu moja ya tano ya yote inayosukumwa na moyo. Katika damu hiyo, plazima, yaani majimaji ya damu bila chembe zake, ni kama mililita 650. Takriban moja ya tano ya plazima hiyo, mililita 125, huchujwa. Zidisha kwa dakika zote za siku utapata lita 180. Plazima yote mwilini ni lita tatu tu, kwa hiyo huchujwa yote mara 60 kwa siku. Mkojo unaotoka ni lita moja hadi mbili.

Kumi zinazobaki

Kinachosukuma maji nje ya kapilari ni shinikizo la damu iliyo ndani yake. Kwenye glomerula hukadiriwa kuwa milimita 60 za zebaki. Katika kapilari za kawaida, kama za misuli, shinikizo huanza kwenye 35 hivi na kushuka hadi 15 kabla damu haijatoka. Glomerula huwa na shinikizo la juu, tena halishuki sana njiani, kwa kuwa ile koki ya kutolea huibania damu isikimbie.

Dhidi ya msukumo huo zipo nguvu mbili. Ya kwanza ni shinikizo la majimaji yaliyokwisha kuingia kwenye kifuko cha Bowman, takriban 18. Ya pili ni mvuto wa protini za damu, hasa albumini: kwa kuwa haziwezi kupita, hubaki ndani na kuyavuta maji yabaki nazo. Mvuto huo ni kama 32 kwa wastani. Toa 18 na 32 kwenye 60: zinabaki 10. (Makadirio haya yanatokana na wanyama, glomerula ya mtu aliye hai haichomwi sindano kupima shinikizo, na vitabu vingine hutoa namba tofauti kidogo. Mpangilio wa nguvu ni uleule.)

Lita 180 kwa siku zinasukumwa na kumi hizo. Ndiyo maana figo ni nyepesi kudhurika. Mtu akipoteza damu nyingi, au akiharisha na kutapika hadi shinikizo la glomerula lishuke kwa pointi chache, kumi hugeuka tano au sifuri na uchujaji husimama, hata kama glomerula yenyewe haina kasoro. Tezi dume iliyovimba ikiziba njia ya mkojo, mkojo hurudi nyuma, shinikizo kwenye kifuko hupanda kutoka 18, na hesabu huharibika kwa upande mwingine. Katika visa hivyo vyote chujio ni zima. Kilichovurugika ni hesabu. Ukirudisha maji mwilini au ukizibua njia mapema, figo huamka. Ukichelewa, mirija hukosa oksijeni au hugandamizwa mpaka ife, na hapo tatizo huwa jingine kabisa.

Hesabu hii ina jambo moja zuri ambalo mara nyingi halisemwi. Maji yanapotoka, protini hubaki nyuma na kusongamana, kwa hiyo mvuto wao huongezeka kadiri damu inavyosonga, kutoka kama 28 mwanzo wa kapilari hadi 36 mwisho wake. Uchujaji unajifunga breki wenyewe. Halafu damu hiyo nzito hutoka kupitia koki ya kutolea na kuingia mtandao wa pili wa kapilari unaoizingira mirija. Huko shinikizo limeshuka hadi 13 hivi, ilhali mvuto wa protini bado uko juu ya 30. Sasa upande wa kuvuta ndio wenye nguvu, na maji yaliyotolewa na mirija hunywewa kurudi kwenye damu. Protini zilezile zilizokuwa kikwazo kwenye glomerula huwa msaada hatua chache mbele.

Koki zinavyofanya kazi, na dawa zinavyoziingilia

Ukibana koki ya kuingizia, damu kidogo huingia, shinikizo la glomerula hushuka na uchujaji hupungua. Ukibana ya kutolea kwa kiasi, damu hurundikana ndani, shinikizo hupanda na uchujaji huongezeka. (Ukiibana kupita kiasi, damu hukwama, protini husongamana mno na uchujaji hushuka tena.)

Figo huzicheza koki hizi saa zote. Shinikizo la wastani la ateri likipanda au kushuka kati ya takriban 80 na 180, uchujaji hubadilika kidogo tu. Misuli ya koki ya kuingizia hujibana yenyewe inaponyoshwa na shinikizo. Zaidi ya hapo, mrija wa kila nefroni, baada ya mizunguko yake mirefu, hurudi na kugusa glomerula yake yenyewe. Mahali pa kugusana pana seli zinazoonja chumvi inayopita. Chumvi ikiwa nyingi, maana yake uchujaji ni mkubwa mno, na koki ya kuingizia hubanwa. Ikiwa haba, koki hiyo hulegezwa na kemikali iitwayo renini hutolewa, ambayo mwisho wake ni kuzalishwa angiotensini ya pili, na hii hubana zaidi koki ya kutolea. Kila nefroni inajikagua.

Sasa tazama dawa. Mwili unapopungukiwa maji, koki ya kuingizia huachwa wazi kwa msaada wa prostaglandini, kemikali za mwili wenyewe. Ibuprofeni na diklofenaki, dawa za maumivu, huzuia prostaglandini kutengenezwa, na koki hujibana. Enalapril na losartani, dawa za shinikizo la damu, huondoa nguvu ya angiotensini, na koki ya kutolea hulegea. Dawa za kukojosha hupunguza maji kwenye damu. Kila moja, kwa mtu mwenye maji ya kutosha mwilini, huweza kuvumilika. Zikikutana zote tatu kwa mtu anayeharisha, damu ni chache, mlango wa kuingilia umebanwa, wa kutokea uko wazi, na zile kumi hazipo tena. Figo zinaweza kusimama ndani ya siku chache. Anayetumia dawa za shinikizo la damu za aina hii amuulize anayemtibu, kabla hajaugua, afanye nini siku akitapika au kuharisha: dawa ipi asimamishe, kwa siku ngapi, na lini airudie. Na kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli kwa kipimo sahihi haibani koki hiyo kama ibuprofeni inavyofanya.

Tabaka tatu za utando

Mwaka 1924 Joseph Wearn na Alfred Newton Richards, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walichapisha majaribio waliyofanya kwa vyura. Walichukua mrija wa kioo wenye ncha nyembamba kuliko unywele, wakauchomeka kwenye kifuko cha Bowman chini ya hadubini na kunyonya majimaji yaliyokuwamo. Walikuta sukari na kloridi, vitu ambavyo mkojo wa kwenye kibofu cha chura yuleyule haukuwa navyo. Protini hawakuikuta. Tone lile dogo lilithibitisha mambo yote mawili: chujio hupitisha hata visivyo taka, kisha mirija hurudisha, na protini huzuiwa papo hapo mlangoni.

Kinachoizuia ni utando wa tabaka tatu. La kwanza, linaloguswa na damu, ni ukuta wa kapilari wenyewe. Umetobolewa matundu ya upana wa nanomita 70 hadi 100 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Chembe nyekundu ya damu ni kubwa mara mia hivi kuliko tundu hilo, hivyo haipiti. Albumini, yenye upana wa nanomita 7 hivi, ingepita bila kugusa kingo. Lakini matundu yamefunikwa na ute wa sukari na protini wenye chaji hasi, na albumini nayo ina chaji hasi. Husukumana.

Tabaka la pili ni utando wa msingi, wenye unene wa nanomita 300 na ushei. Huu hauna seli. Ni mfumo wa nyuzi za kolajeni ya aina ya nne na laminini, uliojaa maji na chaji hasi, kitu kilicho kati ya wavu na ute mzito. Ndio unaovumilia shinikizo.

La tatu ni seli ziitwazo podositi. Hizi huikumbatia kapilari kwa nje kwa miguu mingi iliyogawanyika kuwa vidole, na vidole vya seli moja huingiliana na vya jirani yake kama vya mikono miwili iliyoshikana. Kati ya kidole na kidole pana mwanya wa nanomita 30 hadi 40, na juu ya mwanya huo umetandazwa utando mwembamba mno unaofumwa na protini iitwayo nefrini. Nefrini ilitambuliwa mwaka 1998 kwa kuchunguza ugonjwa wa kurithi unaoonekana zaidi Ufini, ambapo mtoto huzaliwa akiwa anapoteza protini nyingi kwenye mkojo. Protini moja ikikosekana, chujio zima halifai kitu. Nadhani hakuna ushahidi mzuri zaidi kwamba tabaka hili la mwisho ndilo linaloamua.

Kwamba chaji ina kazi yake kulionekana kwenye majaribio ya dekstrani, sukari ndefu inayoweza kutengenezwa kwa ukubwa uleule ikiwa na chaji tofauti. Yenye chaji chanya ilipita kwa wingi zaidi, isiyo na chaji ikafuata, yenye chaji hasi ikapita kidogo kuliko zote.

Hata hivyo albumini kidogo hupenya. Kwa lita 180, hata kidogo hicho kingekuwa kingi, ila seli za mwanzo wa mrija huimeza na kuivunjavunja. Inayofika kwenye mkojo wa mtu mwenye afya haifiki miligramu 30 kwa siku.

Utando unapovuja

Podositi ni seli zisizojizalisha kwa urahisi. Ikifa, iliyobaki hujinyoosha kuziba pengo, na zikifa nyingi, utando wa msingi hubaki uchi, hushikana na ukuta wa kifuko na kuwa kovu. Nefroni hiyo imekwenda, na mpya haioti tena. Hilo ndilo linalofanya kuvuja kwa protini kuwa jambo la kushughulikiwa mapema hata pale mtu anapojisikia mzima.

Si kila uvujaji ni wa kovu. Kuna ugonjwa unaowapata zaidi watoto ambao glomerula, ikitazamwa kwa hadubini ya kawaida, haina kasoro yoyote. Hadubini ya elektroni ndiyo inayoonyesha vidole vya podositi vimelala na kuungana. Mtoto huamka kope zimevimba, mkojo una povu, lakini wengi hupona kwa dawa za steroidi na vidole husimama tena. Uvujaji ukizidi gramu 3.5 kwa siku kwa mtu mzima, albumini kwenye damu hushuka, maji hubaki mwilini na miguu kuvimba. Pia hupotea kingamwili na protini zinazozuia damu kuganda, kwa hiyo maambukizi na mabonge ya damu hunyemelea.

Utando ukichanika, hata chembe nyekundu hupita zikiwa zimepindapinda kwa kujipenyeza. Mkojo huwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Huonekana, kwa mfano, wiki moja hadi tatu baada ya maambukizi ya koo ya bakteria aina ya streptokoka, pale kinga ya mwili inapoacha mabaki yake kwenye glomerula na kuzusha uvimbe humo.

Kisukari huharibu kwa njia ya taratibu zaidi. Sukari ikizidi kwenye kilichochujwa, mirija huirudisha pamoja na chumvi. Zile seli za kuonja chumvi huiona imepungua, zikadhani uchujaji ni mdogo, zikafungua koki ya kuingizia. Shinikizo la glomerula hupanda na uchujaji huwa mkubwa kuliko kawaida. Kwa miaka kadhaa majibu ya kreatinini, kipimo cha damu cha uchujaji, yanaweza kupendeza, huku utando wa msingi ukinenepa na podositi zikibanduka moja moja.

Vipimo viwili

Kreatinini ya damu hueleza figo zinachuja kiasi gani. Hutoka kwenye misuli kila siku kwa kiwango karibu kilekile, na hutolewa hasa kwa kuchujwa, kwa hiyo uchujaji ukipungua nusu, kreatinini huongezeka maradufu. Tatizo ni kwamba kiwango cha "kawaida" kwenye karatasi ya maabara ni kipana. Mtu aliyekuwa na miligramu 0.6 kwa desilita akafika 1.2 amepoteza nusu ya uchujaji wake, na maabara nyingi hazitaweka alama yoyote pembeni. Mzee aliyekonda, mwenye misuli michache, anaweza kuwa na kreatinini nzuri na figo mbovu. Kwa hiyo tazama namba ya eGFR, yaani makadirio ya uchujaji kwa mililita kwa dakika, inayokokotolewa kwa kuzingatia umri na jinsia, na uilinganishe na ya kwako ya zamani. Tunza karatasi za majibu. Ikiwa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi mitatu, huo ni ugonjwa sugu wa figo.

Uvujaji hupimwa kwenye mkojo, kwa uwiano wa albumini na kreatinini, na sampuli bora ni ya mkojo wa kwanza wa asubuhi. Chini ya miligramu 30 kwa gramu ni salama. Ikiwa 30 au zaidi kwa miezi mitatu, ni ugonjwa sugu wa figo hata kama eGFR ni 100. Homa, mazoezi makali ya jana yake, maambukizi ya njia ya mkojo na damu ya hedhi hupandisha kipimo hiki kwa muda, kwa hiyo jibu moja la juu hurudiwa kabla ya kuamini. Kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo kinafaa kwa uvujaji mkubwa, ila hakiuoni mdogo, na mdogo ndio unaotibika vizuri zaidi.

Vipimo hivi viwili vinaweza kwenda njia tofauti, na hilo huwatisha wagonjwa bila sababu. Mtu mwenye kisukari na albumini kwenye mkojo akianzishiwa losartani, koki ya kutolea hulegea, shinikizo la glomerula hushuka, albumini hupungua, na kreatinini hupanda kidogo. Anayeiona kreatinini tu atasema dawa inaua figo. Kupanda kusikozidi asilimia 30 kisha kukatulia hukubalika: glomerula zimepunguziwa mzigo. Kipimo cha kreatinini na potasiamu hurudiwa wiki mbili hadi nne baada ya kuanza dawa au kuongeza dozi. Kreatinini ikipanda zaidi ya asilimia 30, hutafutwa sababu, kwanza upungufu wa maji, dawa za maumivu, kisha ateri ya figo iliyoziba, ambapo ile koki ya kutolea ndiyo iliyokuwa imeshikilia shinikizo lote lililobaki.